Kulala B&B Italia na mama mkwe: chumba kimoja cha watatu au viwili?

BabaNeema_Mza

Habari za saa hizi wakuu. Naombeni mawazo kwa wenye uzoefu na Italia, hasa hizi nyumba ndogo za B&B, yaani chumba na kifungua kinywa nyumbani kwa mtu, maana hoteli za Roma nimezichungulia mtandaoni nikafunga simu mwenyewe.

Iko hivi. Mwishoni mwa Aprili natarajia kwenda na mke wangu pamoja na mama yake. Mama ni Mkatoliki wa jumuiya na kwaya, ndoto yake ni Assisi kwa Mtakatifu Fransisko, na mke wangu kaona nyumba moja Orvieto, vyumba vitatu tu, mwenye nyumba anaishi humohumo na kifungua kinywa anaandaa yeye, bei euro 85 kwa usiku chumba cha wawili. Mimi Orvieto siijui nimeambiwa iko katikati ya Roma na Florence. Sasa huyo mwenye nyumba ana chumba pia cha vitanda vitatu ambacho kwa bei kinatupendeza sana, mke wangu anasema tuchukue hicho "tupo ugenini nani atatuona". Jamani mimi na mama mkwe chumba kimoja? Hata mama mwenyewe sijui atakubali ama anatuvungia tu.

Maswali yangu: hizi B&B zinaaminika? Ubalozi unazikubali kwenye viza? Na mama magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi. Nawasilisha.

kitunguu_saumu

Mkuu umevaa taulo saa kumi na moja asubuhi unatoka bafuni, mama mkwe nae kavaa kanga anaingia. Mnaamkianaje hapo? Chukua viwili, deni la euro linalipika.

Mnyalu wa Perugia

Kaka karibu sana Umbria, mkoa wenye hizo Orvieto na Assisi, mimi naishi Perugia humuhumu, nilikuja kusoma lugha nikaoa kabisa huku, kwa hiyo wageni wa nyumbani huwa nawatafutia sehemu za kulala kila msimu. Nitaandika ndefu, vumilia.

Kwanza la vyumba, usibane hela hapo. Chukua viwili, ila kuchukua viwili peke yake hakutoshi, angalia BAFU. Nyumba hizi ni nyumba za watu za zamani, bafu lilipoingizwa liliingizwa pale palipopatikana nafasi. Kwenye tangazo ukikuta "bagno in comune" ujue mnachangia na wageni wengine, ukikuta "bagno privato esterno" ni la kwenu peke yenu ila liko nje ya chumba, unavuka korido kulifuata. Watu wengi wanasoma hilo neno privato wanafurahi halafu usiku wanajikuta koridoni. Kwa safari ya mkwe mnataka la ndani ya chumba, kwenu nyie na kwa mama pia, andika umuulize mwenye nyumba moja kwa moja na akujibu kwa maandishi.

Pili magoti. Orvieto imekaa juu ya jabali, kituo cha treni kiko chini kabisa. Usiogope hapo maana ukitoka kituoni kuna kitreni cha kuvutwa na kamba, funicolare, kinawapandisha mpaka Piazza Cahen, afu pale kuna kibasi kinaenda mpaka mbele ya kanisa kuu. Shida ni nyumba yenyewe. Mjini kule majengo ni ya kale, ghorofa ya pili bila lifti ni kitu cha kawaida, ngazi za mawe nyembamba na wima. Halafu jueni wenzetu ghorofa ya chini hawaihesabu, akikwambia ghorofa ya kwanza maana yake tayari umepanda. Na mabegi mnabeba wenyewe, hakuna kijana wa mapokezi wala hayo mapokezi hakuna.

Ndo maana saa ya kufika ni kitu kikubwa sana huku. Mwenye nyumba anaweza kuwa kazini, shambani, kwa mjukuu, yaani anakuja kukufungulia. Mwambie treni yenu inaingia saa ngapi, na ikichelewa mtumie meseji. Wengine ukifika usiku sana wanaongeza hela kidogo na wana haki kwa kweli.

Tatu uaminifu. Tangu 1 Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha watalii lazima iwe na namba ya taifa, inaitwa CIN, inaanza na IT, na lazima ionekane kwenye tangazo na mlangoni pia. Tangazo halina hiyo namba, pita. Na ukifika ataomba pasipoti zenu zote, usinune, sheria inamtaka atume majina yenu polisi ndani ya saa 24. Anaandika au anapiga picha anakurudishia palepale, asikae nayo.

Hela za pembeni: kuna kodi ya kulala, tassa di soggiorno, kwa kila kichwa kwa kila usiku, halmashauri ya mji ndo inapanga kiasi, na mara nyingi haimo kwenye ile bei ya mtandaoni, mnamlipa mkononi, kwa hiyo uwe na chenji. Usishangae pia akikuongezea euro 2 kwenye risiti, risiti isiyo na VAT ikizidi euro 77.47 inabandikwa stempu ya serikali. Kuna mgeni wangu alitaka kugombana na bibi wa watu kwa ajili ya hizo euro 2.

Na baridi! Aprili mnaiona kwenye picha maua tu. Mitambo ya kupasha joto nyumba kisheria huku inazimwa 15 Aprili, mpaka meya aongeze muda. Ukija tarehe 25 na mvua ikapiga, kuta za mawe zile zinaganda, mama aje na sweta zito na soksi, na mwombeni mwenye nyumba blanketi la ziada mapema.

zuhra.mk

Mnyalu umemaliza kila kitu 😂 mi naongezea la msosi. Kifungua kinywa cha huko ni kitamu cha sukari, yaani kahawa ya maziwa na cornetto (kama croissant), tosti kavu za pakiti na jam, yogati, labda na keki aliyooka mwenyewe. Mayai na soseji usitegemee. Na mikoa mingine B&B ndogo zinaruhusiwa kutoa vitu vya pakiti tu, sio kwamba ni uchoyo. Mama kama kazoea uji au chai ya kuchemsha na tangawizi, beba majani ya chai na uulize kama kuna birika la umeme maana Waitaliano wengi hawana, maji ya chai wanachemsha kwenye sufuria.

Kwa Waislamu wanaopita kusoma: nyama ya nguruwe ipo hata pale usipoitegemea, tambi za carbonara na amatriciana zina guanciale (nyama ya shavu la nguruwe), na mikate mingine inatiwa mafuta yake, strutto. Ukimwambia mwenye nyumba siku moja kabla hana shida kabisa. Ila kuna jambo moja wamewashinda Wazungu wengine, kila nyumba ina bidet (beseni la kujisafishia kwa maji baada ya choo), sheria ya mwaka 1975 inataka kila nyumba iwe na bafu lenye bidet. Mimi huwa nazunguka Ulaya na kopo langu, Italia pekee ndo nalipumzisha.

Afisa Mstaafu

Kuhusu viza. B&B inakubalika, hawajali kama ni hoteli au chumba kwa bibi, wanachotaka ni uthibitisho wa mahali pa kulala kwa usiku WOTE wa safari, kuanzia unashuka ndege mpaka unapanda. Na majina yote matatu yawemo. Hapa ndipo watu wanapokwama, unabuku kwa jina lako "na wageni wawili", mama anapeleka maombi yake hana karatasi yenye jina lake. Mwombe mwenye nyumba akutumie imeili fupi yenye majina, namba za pasipoti, tarehe na anuani yake.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima mbali na huduma ya kituo cha maombi. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja). Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla, mwisho siku 15 kabla, lakini mtu mwenye akili hasubiri huko, maana kwa kawaida wanajibu ndani ya siku 15 na wana haki ya kuvuta mpaka 45.

Sasa angalizo. B&B ndogo nyingi zinaomba caparra, hela ya kushikia chumba, unatuma kwa benki, na ukiahirisha hairudi. Viza ikikataliwa umeiaga. Tafuta inayokuruhusu kufuta bure mpaka siku chache kabla, hata kama bei iko juu kidogo. Tiketi ya ndege vilevile, usilipe yote kabla ya viza.

BabaNeema_Mza

Aisee nashukuruni sana. Hilo la majina tungeingia mkenge kabisa. Mama mkwe nimemtumia mke wangu amuulize, jibu limekuja "mwambie baba Neema mimi nalala peke yangu, na nitachangia", kwa hiyo viwili rasmi 😅

Bado Assisi. Orvieto kwenda Assisi tunaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo? Au tulale kule? Na lugha, huyo mwenye nyumba nimemwandikia kwa Kiingereza wiki nzima kimya.

Mnyalu wa Perugia

Kwenda na kurudi inawezekana ila utamchosha mama, treni unabadilisha Terontola, ukikosa ya kuunganisha unakaa kituo ambacho hakina cha kuangalia. Laleni kule. Na hapa naomba unisikilize: watu wote wanataka kulala Assisi yenyewe, juu, ndani ya kuta, pazuri kweli ila ni kupanda na kushuka tu kutwa. Nyie laleni Santa Maria degli Angeli, chini, ndiko kilipo kituo cha treni cha Assisi. Ni tambarare, B&B zipo za kutosha na nyingi ni nyumba za kisasa zaidi, na basilika la pale ndani yake ndimo ilimo Porziuncola, kile kikanisa kidogo cha Fransisko mwenyewe, kadogo kiasi kwamba kimekaa ndani ya kanisa kubwa kama chumba ndani ya ukumbi. Mama ataenda misa ya asubuhi kwa miguu yake. Kwenda juu kwenye kaburi la Fransisko kuna basi kila mara.

Na Orvieto msiiondoe, mwambie mama kwamba sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ilitangazwa kwa Kanisa zima kutokea pale, Papa Urbano IV, 1264, na kile kitambaa cha altare cha muujiza wa Bolsena, kinachosemekana kudondokewa damu ya hostia, kimehifadhiwa kwenye kanisa kuu. Atawasimulia jumuiya mpaka wachoke. Kisima cha San Patrizio mwacheni nje akae na kahawa, kile ni ngazi 248 kushuka na nyingine hivyo hivyo kupanda.

Angalia tarehe pia, 25 Aprili na 1 Mei ni sikukuu za kitaifa, Waitaliano wenyewe wanaunganisha siku na kujaza hivi vijiji vyote. Buku sasa hivi.

dogo_wa_Malindi

Salaam kutoka Malindi, mji ambao hata muuza madafu anaongea Kitaliano 😄 Huyo mwenye nyumba bro usimwandikie mambo ya *dear sir* kwa imeili, wengi wenye B&B hizi ni watu wazima, mama wa miaka sitini hivi, imeili anafungua mjukuu. Tafuta namba ya WhatsApp kwenye tangazo, mwandikie mafupi kwa Kitaliano hivi:

Buongiorno signora, siamo in tre, mia moglie, mia suocera e io. Vorremmo due camere, ognuna con il bagno in camera. C'è l'ascensore? Quanti gradini ci sono?

Hapo umemwambia mko watatu, wewe, mke na mama mkwe, mnataka vyumba viwili kila kimoja na bafu lake ndani, na umeuliza lifti na idadi ya ngazi. Ukimtaja suocera tu atakuelewa mambo yote, hao jamaa na mama mkwe wana heshima na woga uleule kama sisi. Akikurushia voisi ndefu nitumie inbox nikutafsirie.

BabaNeema_Mza

Bro ubarikiwe. Nimetuma sa hivi, tiki mbili zimetokea ila bado za kijivu.

dogo_wa_Malindi

Leo Jumapili bana, wako mezani na ukoo mzima mpaka jioni. Kesho asubuhi atajibu. Ikifika Jumatano kimya, tafuta nyumba nyingine, mtu asiyejibu kabla hujamlipa hatakufungulia mlango ukifika.

zuhra.mk

Na adapta ya soketi msisahau, plagi zetu za pini tatu bapa hazingii kule.