Naombeni ushauri: riwaya ya Kiingereza isiyo na siasa, kwa vijana wa Chake

Mwalimu wa Jioni
Asalaam alaykum wanajukwaa. Nasomesha Kiingereza skuli moja hapa Pemba. Nimeanzisha kikao cha kusoma riwaya baada ya alasiri, kwa vijana waliomaliza kidato cha sita na sasa wamekaa tu wanangoja matokeo. Ukumbi tumeazimwa na mzee wa mtaani, mtu mwema, hachukui hata senti. Sharti lake ni moja: "Mwalimu, soma nao utakacho, siasa usiniletee." Kwa nini kasema hivyo mnajua. Kwetu huku watu wamewahi kugomeana hadi maziko kwa ajili ya vyama.

Mie nilitaka tuanze na Abdulrazak Gurnah, mwana wa visiwani, Nobel ya 2021. Sasa nasita. Nitafutieni riwaya nzuri isiyo na siasa.

Bint Mkoani
Isiyo na siasa? Chukua kitabu cha mapishi, mwalimu. Na hicho nacho ukifika kwenye bei ya mchele umekwisha 😂

Kidagaa
Wasomeshe Jane Austen. Mambo ya posa na harusi, mwanzo mpaka mwisho. Mzee atafurahi.

Mstaafu wa Mkunazini
Kidagaa, taratibu. Umeisoma *Mansfield Park* ya 1814? Sir Thomas ana jumba kubwa Uingereza, na ana mashamba Antigua, kisiwa cha miwa iliyolimwa na watumwa. Mambo ya huko yanaharibika, anasafiri kwenda kuyaweka sawa. Anaporudi, Fanny, mtoto wa shemeji yake anayelelewa pale kwa hisani, anamuuliza kuhusu biashara ya watumwa. Wanawe wa kuwazaa wamekaa papo hapo, na hakuna anayefungua mdomo. Fanny mwenyewe ndiye anayemsimulia binamu yake baadaye, kwamba kulikuwa kimya kabisa, akaona haya kuendelea kuuliza.

Ni mistari michache tu, kisha hadithi inarudi kwenye posa. Lakini wasomee vijana wa Pemba mistari hiyo, kisha waulize mashamba ya karafuu ya kisiwa chao yalilimwa na nani kabla utumwa haujafutwa mwaka 1897. Siasa utaipata, wala hujataja chama.

Kidagaa
Haya mzee wangu, nimekubali. Nilisoma ile nyengine, ya mabinti watano.

Mpiga Kasia
Mimi ningeanza na *Animal Farm* ya George Orwell. Fupi, Kiingereza chepesi, na tafsiri ya Kawegere, *Shamba la Wanyama*, ipo tangu 1967, atakayekwama atajisaidia nayo. Tena mwalimu, ujue huyo mzee wako hayuko peke yake. Mwaka 1944 Orwell alizungusha mswada huo London, wachapishaji wakaukataa mmoja baada ya mwengine. Mmoja wao ni T. S. Eliot, mshairi mkubwa, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya uchapishaji ya Faber. Uingereza ilikuwa vitani upande mmoja na Urusi ya Stalin, na kumcheka Stalin, kama kitabu kinavyofanya kwa kupitia wanyama, wakati ule kulionekana ni kutia mchanga kwenye pilau. Kilitoka Agosti 1945, vita vya Ulaya vimeshakwisha.

Bint Mkoani
Nguruwe wanahamia nyumba ya bwana, wanalala vitandani. Vijana wa kidato cha sita watacheka, halafu watatajana majina. Hapo utamwambia nini mwenye ukumbi?

Nahodha
Mnahangaika bure. Kiingereza chenyewe ni pazia, wazee hawatafuatilia. Angalieni Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya: Julai 1977 *Petals of Blood*, riwaya yake ya Kiingereza, kali kwelikweli dhidi ya wakubwa wa Kenya, ilizinduliwa Nairobi na Mwai Kibaki, waziri wa fedha. Mwaka huohuo tamthilia yake ya Kigikuyu ikachezwa na wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ. Ikapigwa marufuku, na mwisho wa Disemba mwandishi akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi.

Bint Mkoani
Kwa hiyo mwalimu ajifiche nyuma ya pazia lako? Vijana wakitoka hapo wanakwenda barazani, na barazani watazungumza Kiswahili. Mzee atayasikia yote kabla ya magharibi. Ashaaminiwa na ukumbi wa mtu, asimzunguke.

Mama wa Wete
Mwanangu mwalimu, mimi nitasema tofauti. Gurnah usimwache, ila chagua pa kuanzia. *By the Sea* ya 2001: mzee wa Kizanzibari anafika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi, ana kijisanduku cha udi-l-qamari. Afisa wa uhamiaji anakichukua na kubaki nacho. Hapo hakuna kijana wa Pemba asiyejua udi ni kitu gani. Lakini mbele kuna ugomvi wa nyumba baina ya koo mbili, na kuna jela za baada ya Mapinduzi. Katika vijana wako wamo wajukuu wa pande zote. Kitabu hicho kiweke kando kwanza.

Anza na *Paradise* yake. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, baba yake ana deni, anampeleka kwa tajiri ambaye mtoto amezoeshwa kumwita ami. Hadithi ni ya bara, enzi za Wajerumani, hakuna chama cha leo ndani yake. Ipo pia kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Na mzee mwenye ukumbi, nenda kwake na hicho *Peponi* mkononi, muachie siku mbili tatu asome. Muulize "siasa" anakusudia nini. Nadhani anakusudia bendera na majina ya wagombea.

Mwalimu wa Jioni
Ahsante mama, ahsanteni nyote. Nilikwenda kwake leo baada ya ijumaa. Kasema ndiyo, bendera na majina, na kelele za usiku. Kuhusu mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake kasema hiyo si siasa, hiyo anayo mifano mtaani. *Peponi* sijaipata Chake, nimemuahidi. Kuna anayejua duka Unguja lenye nakala?

Mstaafu wa Mkunazini
Ninayo moja. Nitumie ujumbe, kesho nampa mtu wa boti. Ila irudi.