Yule jamaa wa pale kwenye kibanda cha gemu anajiona nani? Leo kanivunjia heshima mbele ya watoto

Wakuu, mikono inatetemeka, makosa ya uandishi mtanisamehe. Mnaokaa Tabata mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kofia nyekundu. Anaingia kibandani asubuhi kama anaripoti kazini, anatoka mwenye kibanda akitafuta kufuli. Hata chaja ya simu anailaza pale pale. Huyo huyo.

Leo kanifunga sita. Sita si tatizo, nimewahi kufungwa tisa na nikampa mtu mkono. Tatizo ni hilo goli la sita lilivyoingia.

Kampiga beki wangu tobo, kamlaza kipa, kabaki yeye na nyavu. Mpira uko hatua moja kutoka mstarini. Hapo mtu mwenye utu anafunga, tunaenda kati, maisha yanaendelea. Yeye kabonyeza pozi, gemu ikasimama. Kageuka nyuma. Kamwita mtoto wa darasa la nne aliyetumwa mkaa, kampa pedi ya kuchezea gemu, kamwambia: "Malizia hapo, bonyeza duara. Huyu kashanichosha."

MKAA, jamani! Mtoto ana mfuko wa mkaa mkono mmoja na pedi mkono mwingine!

Na kwa kuwa yule mtoto kalelewa, kanigeukia kwanza: "Shikamoo anko." Ningefanyaje? Nikaitikia marahaba. Nikaitikia marahaba, akabonyeza duara, goli. Kibanda kikalipuka hadi muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara akaacha mayai yaungue.

Mimi ni mtu mzima, miaka 38, watoto wawili. Nafunga hesabu dukani Kariakoo saa kumi na mbili, nagombania daladala, nafika nyumbani naogesha mdogo, nakagua madaftari ya mkubwa. Wiki nzima nina saa moja, Jumatano usiku, na hiyo saa nimeiomba kwa mama watoto kama watu wanavyoomba mkopo. Mashine ya gemu ya PS4 ninayo nyumbani. Nacheza wakishalala, sauti nimezima, nikisinzia nailaza bila kufunga gemu ili kesho niendelee nilipoishia. Umeme ukikatika usiku, mechi ambayo sikuihifadhi imekwenda na maji. Lakini kijiweni nafuata watu. Napiga kelele kidogo, nabishana Simba na Yanga, narudi nyumbani kichwa kimepoa.

Sasa utaratibu wa pale ni mshindi anabaki, aliyefungwa anakaa foleni. Watu sita mbele yako, kila gemu robo saa ukijumlisha mabishano ya kuchagua timu. Hiyo ni saa moja na nusu. Mimi nina saa moja! Maana yake Jumatano yangu ni gemu moja, na hiyo moja nacheza na mtu aliyeshinda na pedi mkononi tangu asubuhi. Nililipa mia tano yangu kama yeye. Sijaomba aniachie. Nifunge hata ishirini, ila nifunge wewe mwenyewe!

Na marudio ya goli hakuyaruka. Kayaacha yote, kamshika mtoto bega: "Ona ulivyomuua." Mtu wa ndevu zake, anamfundisha mtoto kumdhalilisha aliyemwamkia sasa hivi. Mtoto mwenyewe aliona haya, kachukua mkaa wake kaondoka. Huyo mtoto ndiye pekee aliyekuwa na adabu mle ndani.

KIPA MLALO: Pole mkuu. Ila ungempa dogo hata mia ya pipi, mfungaji wa goli la ushindi yule.

BANDO LIMEKATA: Ulichukua timu gani?

MLETA UZI: Timu haihusiani. Mtu anabonyeza pozi mpira ukiwa mstarini!

BANDO LIMEKATA: Kwa hiyo ulichukua Real Madrid ukafungwa sita. Funga uzi.

FOLENI NAMBA TATU: Mimi nilikuwepo. Mleta uzi hasemi kwamba na yeye alibonyeza pozi kabla ya pale, akaongea na simu mpaka wengine tukaanza kupiga miayo. Watu tuna usingizi, tuna kazi kesho.

MLETA UZI: Mama watoto alikuwa anauliza dawa ya kikohozi iko wapi! Nikae kimya? Nilisema samahani kwa sauti, kibanda kizima kilisikia. Pozi la dawa na pozi la kumwita mtoto wa mkaa vinafananaje?

FOLENI NAMBA TATU: Samahani nilisikia, nakubali. Lakini simu ilikuwa ndefu.

MAMA PACHA: Afadhali wewe una pozi. Mimi nacheza PUBG, gemu ya vita ya kwenye simu, usiku nikinyonyesha. Mnashuka watu 100 kwa parachuti, gemu inaweza kufika nusu saa, na haisimami kwa ajili ya mtoto wa mtu. Pacha mmoja akilia naweka simu kifuani, nikirudi nimeshakufa. Hilo nimelizoea. Lisilozoeleka ni kuwasha maiki: wakisikia tu sauti ya kike, "dada nenda jikoni". Juzi nimepigwa risasi, niko chini natambaa mbele ya mwenzangu wa timu. Kuniinua ni sekunde kumi. Kapita mbele yangu, kaniangalia, kaenda kuokota helmeti. HELMETI!

KIPA MLALO: Helmeti ya daraja la tatu au la pili?

MAMA PACHA: La pili! Hata ingekuwa la tatu!

MWARUSHA WA MUSCAT: Nyie mnalia na mnakaa mtaa mmoja. Mimi kazi iko huku Muscat, Oman, ndugu zangu wa kucheza nao wako huko nyumbani. Saa tumepishana moja tu, hiyo si shida. Shida ni wikiendi: huku Ijumaa na Jumamosi, huko Jumamosi na Jumapili. Siku yetu ni Jumamosi peke yake. Naiwinda wiki nzima, nachemsha chai, nawasha mashine, inaniambia kuna sasisho la gemu la kushusha kwanza. Magigabaiti! Nakaa naangalia mstari unavyojaa kama mtu anayesubiri maharage yaive. Likimaliza, ndugu yangu kashalala na mkewe ndiye anapokea simu.

MAMA PACHA: Liwekee usiku wa Ijumaa ukiwa umelala, lijishushe lenyewe.

MWARUSHA WA MUSCAT: Nimeishi miaka yote hii bila mtu kuniambia. Asante dada.

MLETA UZI: Poleni nyote kwa kweli, lakini turudi kwenye pozi. Alinipa shikamoo KWANZA halafu akafunga.

MZEE WA MRABA: Kuna kitu hakijakaa sawa kwenye hii stori. Alimwambia abonyeze duara? Shuti ni mraba. Duara ni krosi.

BANDO LIMEKATA: Hiyo ni gemu ya mpira ya PES mzee. Kwenye FIFA shuti ni duara, mraba ndiyo krosi.

MKAGUZI: Na FIFA hiyo haitoki tena kwa jina hilo. Ya mwisho ya kampuni ya EA ni FIFA 23. Tangu 2023 inaitwa EA Sports FC.

MZEE WA MRABA: Na PES tangu 2021 inaitwa eFootball, inashushwa bure. Lakini mraba ni mraba. Vidole vyangu vimezeeka na mraba, siwezi kuvipeleka shule upya na umri huu. Nikienda kibandani nabadilisha vitufe, vijana wanasonya. Dakika moja tu ya kubadilisha vitufe wanasonya! Huo ndio uzi wa kufungua.

BANDO LIMEKATA: Dakika moja? Mzee wewe unavaa miwani, unavua, unasoma, unavaa tena.

MZEE WA MRABA: Ndiyo, na nikimaliza nakufunga.

MLETA UZI: Jamani, mtoto wa darasa la nne. Na mkaa.

KIPA MLALO: Tumekuelewa mkuu. Gunia au mfuko?

MWARUSHA WA MUSCAT: Samahani naingilia, kuna anayejua fundi wa pedi? Yangu kile kijiti cha analogi cha kushoto kinavuta chenyewe, mchezaji anakimbilia kona bila kuguswa.

MAMA PACHA: Mume wangu alifungua yake akasafisha na spiriti, ikakaa mwezi mmoja. Baadaye tukanunua nyingine.

FOLENI NAMBA TATU: Mimi ninayo moja ya PS4, nyeusi, haivuti. Ina alama tu ya meno ya mtoto kwenye mkono wa kulia.

MZEE WA MRABA: Bei gani? Na mraba wake unabonyea vizuri?