Mchezaji aliyevuka miaka 30: asajiliwe au aachwe?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, hoja ileile hurudi: kwamba klabu inayomchukua mchezaji aliyevuka miaka 30 imenunua jina na si mpira, na kwamba fedha hizo zingemleta kijana wa miaka 21 ambaye kesho atauzwa kwa faida. Ninaileta hoja hiyo hapa tuijadili kwa kuwa ninaamini ina ukweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayozigharimu klabu.

Kwamba mwili hushuka, sibishi. Mbio fupi za kasi ndizo hutangulia kupungua, kisha misuli ya nyuma ya paja huanza kusumbua, na siku tatu zilizokuwa zikitosha kupumzika baina ya mechi mbili hazitoshi tena. Ndiyo maana winga aliyezoea kumwacha beki kwa mbio huonekana amekwisha mapema kuliko wenzake. Lakini beki wa kati anayesoma mchezo, au kiungo ambaye kabla mpira haujamfikia ameshajua anaupeleka wapi, hutegemea kitu kisichozeeka kwa mwendo huo. AC Milan ilimwachia kiungo Andrea Pirlo mwaka 2011 akiwa na miaka 32. Juventus ikampata bila ada ya uhamisho, naye akatwaa ubingwa wa Italia misimu minne mfululizo na kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2015. Beki wa kati Thiago Silva naye aliondoka PSG ya Ufaransa mwaka 2020 bila ada, akaenda Chelsea, na msimu huohuo akatwaa taji la Ulaya akiwa na miaka 36, ingawa katika fainali yenyewe aliumia na kutolewa kabla ya mapumziko.

Mfano unaopendwa na wapinzani wangu ni Cristiano Ronaldo, na ninakiri kwamba ni mzito. Juventus ilimnunua mwaka 2018 kwa euro milioni 100 akiwa na miaka 33. Alifunga mabao 101 katika mechi 134, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba miguu ilimwishia. Hata hivyo klabu hiyo ilikuwa tayari imetwaa ubingwa wa Italia mara saba mfululizo kabla yake, na kiu yake ilikuwa taji la Ulaya. Huko ikatolewa na Ajax, kisha Lyon, kisha Porto, na mwaka 2021 ikamuuza kwa euro milioni 15 pamoja na nyongeza za masharti. Kosa ninaloliona mimi liko katika bei, kwa sababu fedha anayolipiwa mchezaji wa umri huo hairudi.

Hapa Tanzania tunao ushahidi wa karibu zaidi. Saido Ntibazonkiza aliachwa na Yanga, akaenda Geita Gold, kisha Simba ikamchukua katikati ya msimu wa 2022/23 akiwa na miaka 35. Alimaliza ligi na mabao 17, yakiwamo aliyoyafungia Geita, akilingana na mshambuliaji wa Yanga, Fiston Mayele, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka saba.

Wapo wanaosema wakongwe huwazibia vijana nafasi. Nakubali, pale mkongwe anapopewa mkataba wa miaka mitatu na uhakika wa kuanza kila mechi. Mimi ningempa mwaka mmoja, nyongeza itegemee idadi ya mechi alizocheza, na kabla ya kusaini ningehesabu mechi alizokosa kwa majeraha katika misimu miwili iliyopita badala ya kutazama tarehe yake ya kuzaliwa.

Kwa hiyo nawauliza wanaotaka mpaka uwekwe katika miaka 30: kama mngekuwa kwenye kamati ya usajili ya Simba mwaka ule, mngemkataa Saido, na mngemchukua nani badala yake?