Naomba ushauri: kuchapisha picha ya Karamu ya Belshaza

Habari zenu wakuu. Tunasoma Danieli 5 (pale mkono unapoandika ukutani kwenye karamu ya mfalme Belshaza, na Danieli anayafasiri maandishi) na vijana wa kanisani, nikataka kutundika ukutani "Karamu ya Belshaza" ya mchoraji Mwingereza John Martin, ya mwaka 1820. Tatizo ni giza lake. Maandishi ukutani yanawaka kama radi, ila mnara wa Babeli kule nyuma na umati wa wageni vinamezwa na weusi. Danieli mwenyewe, aliyesimama katikati na joho jeusi, kwenye nakala ya majaribio haonekani kabisa! Martin alitoa pia chapa isiyo na rangi mwaka 1826. Nichukue hiyo, au niongeze mwanga kwenye ya rangi? Na ipi inafaa, turubai au karatasi? Bajeti ni ya sadaka, mnaelewa.