Naomba ushauri: mpwa wangu wa kidato cha pili anataka kuangalia Ratsasan

Mjomba_Mtu:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa walioiona hii picha na wanaolea mabinti.

Naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yuko likizo. Wenzake darasani wameshaiangalia Ratsasan, ile picha ya India ya Kitamil ya mwaka 2018 ya Vishnu Vishal na Amala Paul, wamemsimulia nusu na sasa hana raha. Ananiomba kila siku nimtafutie.

Mimi nimeiona, na kwa upande wa kazi sina la kulaumu. Mwongozaji, Ram Kumar, anakushika karibu masaa matatu na hunyanyuki. Stelingi, Arun, anataka kutengeneza filamu kuhusu wauaji, chumba chake kimejaa vipande vya magazeti, watayarishaji wanamkataa, anaishia kuwa askari. Halafu mabinti wa shule wanaanza kutekwa, na kila tukio muuaji anaacha boksi la zawadi lenye kichwa cha mdoli kilichochanwachanwa. Muziki wa Ghibran peke yake unasisimua mwili hata ukifumba macho.

Damu naweza kumwambia afumbe macho. Kinachonisumbua ni yule mwalimu, Inbaraj. Anawadhalilisha wanafunzi wake wa kike, na mmoja wao ni Ammu, mpwa wa Arun mwenyewe. Mtoto yuko nyumba moja na askari wawili, baba yake na mjomba wake, na hasemi neno. Nilipofika hapo nilisimamisha picha nikajiuliza, huyu wangu yakimkuta ataniambia?

Sasa nimruhusu, nimkatalie, au niiangalie naye? Mama yake kaniachia mimi niamue.

Bi_Mkubwa:
Mkatalie mdogo wangu. Umri huo picha inaingia kichwani na haitoki. Wangu waliangalia picha ya kutisha, ikawa choo cha usiku lazima asindikizwe mtu. Na hii ni ya shule, sare na mabegi kama yao.

Kapteni wa Sizoni:
Bi Mkubwa, kwa heshima yote, akikatazwa ataiangalia kwenye simu ya rafiki yake, tena vipande vipande bila mtu mzima wa kumuuliza. Mjomba, kaa naye.

Ila usimpe ile iliyotafsiriwa na DJ. Naheshimu kazi zao, nimekua nazo, lakini DJ anaongea juu ya kila kitu na anatia vichekesho pale ambapo mtoto analia. Tafuta ya Kitamil yenyewe yenye maandishi ya tafsiri chini. Na angalia usiletewe nyingine: ilirudiwa kwa Kitelugu 2019 kwa jina la Rakshasudu, na kwa Kihindi 2022 ikaitwa Cuttputlli, stelingi akiwa Akshay Kumar. Kisa ni kilekile, lakini Cuttputlli imefupishwa sana na uzito umepungua.

Mwalimu wa Zamu:
Nafundisha sekondari, mabinti watupu, kwa hiyo nitaongea kirefu kidogo.

Kipande cha Inbaraj ndiyo sababu ya kumwonyesha. Tazama anavyofanya kazi yake: hana haja ya kumkamata mtoto kwa nguvu. Ana alama, ana fimbo, ana cheo cha mwalimu, na mtoto anaogopa matokeo yake mabaya yasijulikane nyumbani. Kumbuka Ammu alikuwa ameshaficha ripoti yake ya shule kabla ya hayo yote. Mtoto anayeogopa kupigwa kwa kufeli ni rahisi kunyamazishwa. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na lilikuwa mbali sana na Chennai, mji wa kwenye picha.

Kwa hiyo kabla hujawasha TV, mwambie hivi: "Hata ukipata sifuri, kwangu utakuja na hutapigwa." Mkifika pale, simamisha, muulize Ammu angemwambia nani. Usimuulize yeye binafsi mbele ya watu, muulize kuhusu Ammu. Atajibu mwenyewe bila kujua. Mpe na namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, haina malipo, Tanzania na hata Kenya. Ajue pia kwamba polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Jambo moja siipendi picha hii (wasioiona ruka aya hii). Mwisho wanaeleza kuwa muuaji alichekwa shuleni kwa sababu ya maradhi yaliyomzeesha mapema. Mtoto anaweza kutoka hapo anamwogopa mwenye ulemavu wa sura. Liongee hilo pia, usilale nalo.

Kapteni wa Sizoni:
Mwalimu umemaliza. Mjomba, ujiandae tu na Ammu. Baba mtu anavyolia pale, mimi mtu mzima nilitoka nje.

Bi_Mkubwa:
Mwalimu, hiyo ya kumuuliza kuhusu Ammu nimeichukua. Bado nasema kidato cha pili ni mapema. Lakini kama ni lazima, basi mchana, siyo usiku, na wadogo watoke sebuleni.

Mjomba_Mtu:
Nashukuruni sana. Nimeongea na dada yangu, naye atakuja Jumamosi tuiangalie wote watatu, mchana. Maneno ya Mwalimu kuhusu sifuri nimemwambia binti leo hii wakati wa kula, kabla hata ya picha. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Hata hesabu?" Nikamwambia hata hesabu. Kesho asubuhi naenda shuleni kwao kuomba daftari zake nizione.

Mwalimu wa Zamu:
Usiende bila yeye kujua. Mwambie kwanza, muende pamoja.