Naomba ushauri: lava ya kale ya Handeni ilizaliwa wapi?

Mleta uzi: Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Tanga. Nimebakiwa na wiki 2 za kuwasilisha tasnifu, na usingizi umenipaa. Nina sampuli 6 za mwamba mweusi wenye garneti kutoka Handeni, ambao naamini ulikuwa lava ya basalti kabla joto na mgandamizo wa miaka milioni 640 hivi iliyopita havijaugeuza. Maabara imenijibu kwamba niobiamu yake ni haba mno ikilinganishwa na lanthanamu (zote ni elementi zilizomo kidogo sana mwambani); picha ya jedwali lao nimeiweka hapa. Je, niandike kwamba lava hiyo ilitoka kwenye safu ya volkano juu ya bamba la gandunia lililokuwa likizama?

Nyundo: Upungufu huo ni dalili nzuri, kwa sababu maji yanayotoka kwenye bamba linalozama hubeba bariamu na wenzake na kuiacha niobiamu chini. Lakini magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopenya ganda nene la bara, ikalimega njiani, nayo huonyesha upungufu uleule. Potasiamu na sodiamu usizitegemee, maana huhama mwamba unapogeuka. Niambie jambo moja: pale ulipovunja sampuli, mwamba huo unapakana na nini?

Babu wa Pangani: Mwanangu, garneti zilinitia aibu. Nikiwa kijana nilifunga kiganja kizima kwenye pindo la leso, nikaenda mjini kwa miguu nikidhani ni rubi, na mnunuzi akanirudishia zote pamoja na kikombe cha kahawa. Mwenye wiki 2 asome, asikeshe mtandaoni.

Mgogo wa Mpwapwa: Kwetu Usagara kuna mwamba uitwao eklojaiti, wa takriban miaka bilioni 2, uliokuwa basalti ya sakafu ya bahari, ukazamishwa kina kirefu, kisha ukarudishwa juu. Msije mkadhani habari za volkano ni Kilimanjaro peke yake.

Nyundo: Swali langu halijajibiwa.

Mleta uzi: Kwa kuwa umenibana, nitasema. Sikuzivunja mwambani, niliziokota kwenye kifusi kilichomwagwa na lori kando ya barabara ya Pangani, na dereva ndiye aliyesema kimetoka Handeni. Hata hivyo zote zinafanana, na sura ya tano imekwisha kuchapwa.

Bint Chumbageni: Hadithi hii imetungwa. Umesema sampuli 6, lakini jedwali ulilopiga picha lina safu 7.

Nyundo: Dada, nami nilishtuka, nikaikuza picha. Safu ya 7 ina niobiamu 18 na lanthanamu 15 kwa kila sehemu milioni. Huo ni unga wa basalti ya Hawaii, ambao maabara huupima ili kujikagua. Hawaii hakuna bamba linalozama, ndiyo maana niobiamu yake haikupungua. Mtunga hadithi asingeikumbuka safu hiyo. Jedwali ni la kweli. Kilichotungwa ni mahali yalikotoka mawe. Mdogo wangu, panda basi la Handeni kesho, ukatafute mwamba ambao bado umeshikamana na ardhi.

Mleta uzi: Nauli ninayo, kaka. Lakini nikikuta mwamba wa aina nyingine, sura ya tano nitaipeleka wapi? Siwezi kuandika tu "eneo la Handeni"?

Babu wa Pangani: Namba ya dereva unayo?

Mleta uzi: Ninayo, babu. Haipatikani tangu Jumanne.