Riwaya ipi isomwe wakati wa kuandika, na ipi iwekewe safari?

Mwandishi wa South B
Wapenzi wa riwaya, hamjambo? Niko katika rasimu ya pili ya riwaya inayohusu familia ya wafanyakazi wa bandari ya Kilindini, na kwa sasa mezani pangu pana mashairi ya Muyaka na magazeti ya zamani tu, kwa sababu nikisoma riwaya nzuri mchana, usiku wahusika wangu huanza kusema kwa sauti ya mwandishi mwingine. Riwaya nimeziweka kando hadi mwezi ujao nitakapokwenda Lamu, kwa treni hadi Mombasa kisha kwa basi: Kuli ya Shafi Adam Shafi, Nagona ya Euphrase Kezilahabi, na Peponi, yaani tafsiri ya Kiswahili, iliyotoka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Begi ni dogo na lazima kimoja kibaki. Mngeacha kipi?

Msomaji wa Umoja
Peponi usikiache kwa vyovyote, ndugu yangu. Mwanzoni kabisa tunamkuta Yusuf, mvulana wa miaka 12, akiwa stesheni anawatazama Wazungu wawili, na muda si mrefu anapandishwa gari moshi na Aziz, tajiri anayemdhania kuwa jamaa yake, hadi Khalil anapomfumbua macho dukani kwamba Aziz si jamaa yake hata kidogo na kwamba yeye ametolewa na babake kufidia deni. Kitabu hicho kinadai kusomwa kwa mkupuo mmoja, na saa tano hivi za treni ya moja kwa moja zitakufikisha mbali katika msafara wa Aziz wa kwenda bara. Tena Ida Hadjivayanis amekitafsiri kwa Kiswahili kisichonuka tafsiri. Ningeacha Nagona. Ni kitabu chembamba, kweli, lakini hakina kisa kinachonyooka, na mtu anayekatizwa kila mara na mkaguzi wa tiketi atalazimika kurudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa.

Mhariri Mstaafu
Mimi sikubaliani nanyi nyote wawili. Nagona ndiyo ya kusafiri nayo, maana wembamba wake unakuruhusu kuisoma wakati wa kwenda na kuirudia wakati wa kurudi, na kitabu cha Kezilahabi kisiporudiwa ni kama hakijasomwa. Ninachokipinga zaidi ni kuiweka Kuli kando. Riwaya ile ilitoka 1979, nayo inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Wewe unaandika juu ya watu wa kazi ile ile, pwani ile ile. Msomaji wako ataifungua yako huku ile akiwa nayo kichwani, upende usipende. Isome leo, kabla rasimu haijakauka, ujue lipi limeshasemwa. Hiyo hofu ya sauti ya mwingine inafaa kwa mwandishi wa rasimu ya kwanza. (Wahariri tunaambiwa tuna maneno makali; mnisamehe.)

Mwandishi wa South B
Ahsante, mzee wangu. Maneno makali nimeyapokea, ila sura ya mgomo katika kitabu changu bado haijatulia, na sitaki kuiandika huku mgomo wa Unguja ukinichungulia begani. Nitaimaliza sura hiyo kwanza, kisha niisome Kuli hapa hapa nyumbani nikiwa na kalamu mkononi. Kwa hiyo Nagona na Peponi ndizo zitakazosafiri.

Mama wa Mokowe
Basi zisome zote mbili kabla ya kufika Mombasa, mwanangu, kwa sababu kusoma ndani ya basi la Lamu kutakupa kichefuchefu. Ukifika Mokowe utavuka kwa boti, na maji ya chumvi hurukia mizigo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo vitabu vifunge kwenye leso nzito na uvipakate mwenyewe.